Mkono wa pleya ya santuri umeharibika? Anza na dalili, bisibisi baadaye

Kabla hujaanza kutafuta mkono mpya wa kuagiza nje nisikilize kwanza. Mikono mingi nnayoletewa ikisemwa imekufa haijafa. Unakuta pini zina uchafu, au waya umekatika, au mtoto kazungusha mzigo wa nyuma, basi, mkono wenyewe mzima kabisa. Na ile iliyokufa kweli, mingi iliuliwa na bisibisi, mtu kaanza kukaza skrubu za kwenye egemeo hata hajajua tatizo liko wapi.

Uelewe mkono hivi: ni mizani. Nyuma kuna mzigo, mbele kuna kichwa chenye katriji (kile kidude kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) na sindano, katikati kuna egemeo. Sindano inatakiwa iikandamize santuri kwa gramu 1.5, 2, au 3 hivi kutegemea katriji, na hapohapo mkono uwe mwepesi kusogea kiasi kwamba ule mfereji mwembamba wa santuri ndio unauvuta toka ukingoni mpaka katikati. Kwahiyo kwa kila dalili unajiuliza maswali matatu tu: mizani iko huru? Imesawazishwa? Umeme unapita kwenye waya?

Mfano wangu mkuu hapa ni Technics SL-1200MK2 (na ndugu yake mweusi 1210), ile ya mkono wa umbo la S iliyotoka 1979, kwa sababu ndio pleya ya madj na ndio nazoziona zaidi. Ila maelezo mengi yanafaa pleya yoyote yenye mzigo nyuma na kichwa cha kufungua. Zile za sanduku za plastiki nitazigusa mbele.

Kabla ya chochote: chomoa kwenye umeme, sio kuzima swichi, chomoa. Ndani kuna transfoma ya umeme wa ukutani. Vua kichwa kizima na katriji yake weka mbali kwenye kikombe au kiboksi, halafu funga mkono kwenye kishikio chake, kama kilipu imevunjika tumia kamba laini. Mimi niliwahi kuhama nyumba na pleya bila kufunga mkono, safari fupi tu ya pikapu, nimefika mkono unacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Bado inaniuma, ile pleya ilikuwa ya mzee.

UPANDE MMOJA HAULII, AU UNAKUJA NA KUKATIKA

Hii ndio dalili namba moja, na watu wanasema "mkono umeungua". Mkono hauungui, umeme unaopita mle ni wa milivolti chache sana. Fanya kwa mpangilio huu usiruke hatua.

Kwanza nyuma ya amplifaya badilishana zile pini mbili, ya kushoto weka kulia na ya kulia weka kushoto. Ukimya ukihamia spika ya pili tatizo linatoka kwenye pleya. Ukibaki spika ileile, pleya haina kosa, shughulika na amplifaya au spika.

Imetoka kwenye pleya? Sasa nenda kichwani. Legeza kile kikola cha mbele ya mkono uchomoe kichwa, utaona vidoti vinne vya shaba nyuma ya kichwa, na ndani ya mkono kuna vipini vinne vya springi. Vile vidoti sugua taratibu na raba ya penseli, halafu pangusa na spiriti kwa pamba ya masikioni. Vile vya ndani bonyeza kimoja kimoja na kijiti cha meno, kinatakiwa kizame na kirudi chenyewe, kikigoma kurudi umeshampata mchawi, tone la spiriti, bonyeza tena na tena mpaka kilegee. Kwa sisi wa pwani chumvi ya hewa inakula shaba haraka, hii hatua peke yake inaponya pleya nyingi sana. Angalia pia kiringi cha mpira kwenye shingo ya kichwa kama bado kipo, kikipotea kichwa hakikazi vizuri na sauti inakatika ukigusa tu.

Bado? Geuza kichwa uangalie vile vinyaya vinne vinavyoingia kwenye katriji. Rangi ni hizi: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Hamisha nyeupe na bluu ziende upande wa kulia wa katriji, nyekundu na kijani ziende kushoto. Ukimya ukihama, katriji ndio imekufa, nunua katriji, mkono uache. Ukimya ukibaki palepale, tatizo ni vinyaya vyenyewe, au waya wa ndani ya mkono, au kebo ya nyuma. Vile viklipu vishike na kibanio kwenye chuma, usivute waya. Na tafadhali usije ukachomea risasi kwenye pini za katriji, joto linapanda mpaka kwenye koili ndani na hapo umeiua mwenyewe.

Sasa multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Kichwa kikiwa kimevuliwa, weka kwenye omu, ncha moja gusa kipini cha ndani ya mkono, nyingine gusa pini ya kebo ya nyuma: nyeupe inaenda katikati ya pini ya kushoto, bluu kwenye ganda lake la nje, nyekundu katikati ya pini ya kulia, kijani ganda la nje. Unatafuta omu chache tu, namba isiyotikisika. Ukiwa umeshikilia hapo mwambie mtu auzungushe mkono taratibu toka kwenye kishikio mpaka katikati, namba ikiruka mkono ukifika sehemu fulani basi waya umekatika pale unapopinda kwenye egemeo. Ikiruka ukitikisa kebo ya nyuma, basi ni kebo, na kusema kweli kwenye hizi Technics za zamani mara nyingi inakuwa kebo, kwa sababu haichomoki, imechomewa ndani, na kila aliyewahi kuhamisha pleya ameivuta.

Waya wa ndani ya mkono ni mwembamba kama unywele. Kabla hujauvuta utoke, funga uzi mwembamba wa kuvulia kwenye ncha yake, ili waya ukitoka uzi ubaki ndani, ndio utakaovutia waya mpya. Ukisahau hii utakaa siku nzima unajaribu kupitisha waya kwenye bomba la umbo la S. Waya mpya uwe laini kama ule wa zamani, na pale kwenye egemeo uache kitanzi kilicholegea, ukiuacha umekaza unageuka springi na mizani yako haitakuwa huru tena, utaanza kulalamika inaruka kumbe ni waya. Ngozi ya huu waya haikwanguliwi na kisu, unashikilia ncha kwenye tone la risasi ya moto mpaka varnishi iungue. Kama huna chuma cha ncha nyembamba, mpelekee fundi simu. Wale wanachomea vitu vidogo kuliko hivi kila siku na wana mikroskopu mezani, ila simama hapohapo umuelekeze rangi.

INAVUMA MMMMM

Gusa bomba la mkono kwa kidole. Mvumo ukipungua au kubadilika, mkono umepoteza erthi. Pleya ina waya mmoja wa pekee wenye uma mwishoni, unatakiwa ufungwe kwenye skrubu ya GND ya amplifaya, wengi wanauona umening'inia wanaukata. Kama umefungwa na bado inavuma, pima kwa multimita kutoka kwenye bomba la mkono mpaka kwenye ule uma, kama hakuna mawasiliano basi umeachia ndani kwenye kile kibodi kidogo cha kuungia nyaya chini ya mkono.

Na kama sauti haivumi ila ni ndogo, nyembamba, besi hakuna, mkono hauna kosa lolote. Umechomeka kwenye AUX. Santuri inakatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi ili mfereji usitanuke sana, na tundu la PHONO ndio linairudisha. Amplifaya nyingi za siku hizi hazina hilo tundu, nunua kile kiboksi cha fono.

INARUKA

Hapa ndio pana mambo, na hapa ndio watu wanaharibu santuri, maana dawa ya mtaani ni kubandika sarafu juu ya kichwa. Ndugu zangu msifanye hivyo. Santuri ndogo za 45 za bendi zetu za Tanzania za miaka ya 70, nyingi zilipigwa chapa Nairobi na hazichapwi tena, ukiilima na gramu 8 leo kesho hakuna pa kuipata nyingine. Sarafu haiponyi chochote, inaficha tu.

Inaruka sehemu ileile ya santuri ileile? Ni mkwaruzo au uchafu kwenye santuri. Safisha. Inaruka kila santuri? Endelea.

Sawazisha upya toka mwanzo. Anti-sketi (ile nobu ya kuuvuta mkono nje kidogo ili sindano isikimbilie katikati) weka 0. Vua kifuniko cha sindano. Shikilia kichwa kwa kidole hewani, nje ya sahani, huku mkono mwingine unazungusha mzigo wa nyuma mpaka ukiachia mkono unaelea wenyewe, haupandi haushuki, kama mizani isiyo na kitu. Hapo bila kuuzungusha mzigo wenyewe, zungusha kile kipete cha namba peke yake mpaka 0 ikae kwenye mstari. Sasa zungusha mzigo pamoja na kipete kuusogeza mbele mpaka namba ya gramu ya katriji yako. Anti-sketi weka namba hiyohiyo kwa kuanzia. Ukitaka uhakika kuna vile vimizani vya dijitali vinavyosoma mpaka 0.01, vya aina ya masonara, ila angalia sahani yake isiwe chuma kinachonasa sumaku, maana katriji ina sumaku ndani, inajivuta na namba inadanganya. Na upime sindano ikiwa kwenye kimo kilekile cha santuri.

Mzigo haukutosha kuufanya mkono uelee? Basi mtu kabadilisha kichwa au katriji nzito kuliko mkono unavyobeba, au kile kizito kidogo cha ziada cha mwisho kabisa kimepotea. Sio ugonjwa.

Ukiwa umeusawazisha unaelea na anti-sketi ni 0, upulizie kwa mdomo kidogo sana. Unatakiwa usogee kama jani juu ya maji, usimame popote. Ukisimama ghafla mahali palepale kila mara, kuna kitu kinaukamata, ni waya uliokaza au beringi chafu au iliyokazwa kupita kiasi. Halafu weka anti-sketi 1, mkono unaoelea unatakiwa uanze kurudi nje wenyewe polepole. Usiporudi, springi ya anti-sketi imeachia, na hiyo ndio sababu sindano inakimbilia katikati.

Kama yote haya yako sawa na bado inaruka, angalia sindano kwa lenzi. Kile kijiti kinachoibeba kikiwa kimepinda upande mmoja, hakuna marekebisho ya mkono yatakayosaidia.

MKONO UNACHEZA, UNASIKIA TAK TAK

Shika kichwa kwa vidole viwili, tikisa mbele nyuma na kulia kushoto kwa upole wa kushika yai. Kwanza hakikisha kinachocheza sio kikola cha kichwa. Kama unaona ile nyumba ya egemeo yenyewe inagonga, beringi zina nafasi.

Kwenye SL-1200 egemeo linashikwa na ncha kali zinazokaa kwenye vigololi vidogo mno, juu na pembeni, na kuna skrubu yenye nati ya kuifunga. Legeza nati huku umeshikilia skrubu isizunguke. Halafu kaza skrubu kwa kiasi kidogo, nikisema kidogo namaanisha kama mshale wa dakika kwenye saa unavyotembea dakika moja mbili, jaribu kutikisa, rudia mpaka mgongano uishe, kisha rudisha nyuma unywele. Shikilia skrubu, funga nati, halafu rudia ule mtihani wa kupuliza, kwa sababu nati ikikaza huwa inavuta skrubu nayo, na inabidi uanze upya, mimi hurudia hata mara nne tano.

Usiifungue skrubu mpaka itoke. Vigololi vitamwagika na hutaviona tena. Na usikaze kwa nguvu ukidhani inakuwa imara, ncha inachimba shimo kwenye gololi na tangu siku hiyo mkono utakwama pale daima. Ule mkono wa mzee nilioutaja juu ulikuwa unaponeka, nikampa fundi mmoja, akaukaza kama boliti ya gurudumu. Ndio maana naandika haya.

KITANDA CHA KUSHUSHIA MKONO KINAANGUKA PUU

Ile lifti ya kushusha sindano taratibu ina mafuta mazito ya silikoni ndani ya kijiti chake, yakikauka au kuvuja inadondoka. Yanawekwa mengine, mazito kweli kama asali ya baridi. Mafuta ya cherehani au ya kupikia hayafai, mepesi mno, na yanatiririka mpaka yasikotakiwa.

MZIGO WA NYUMA UMEINAMA, NA MKONO WA OTOMATIKI UNAORUDI PALEPALE

Pleya nyingine za miaka ya 70, Pioneer PL-12D kwa mfano, zina mpira ndani unaounganisha bomba na kipande cha nyuma kinachobeba mzigo. Mpira unazeeka, mkia unalegea unainama. Mkono sio kwamba umepinda. Toa kipande, futa mpira uliokufa, funga upya na mrija mmoja mbili wa plastiki ya kusinyaa kwa joto mpaka kikae kinyoofu kwa kubana.

Na wenye pleya za otomatiki za Dual: unabonyeza start, mkono unainuka, unatafakari, unashuka palepale kwenye kishikio. Wajerumani wanakiita Steuerpimpel, ni kikofia kidogo cha mpira chini ya mashine ambacho kwa msuguano ndicho kinausukuma mkono uende kwenye santuri. Kikikauka kinateleza au kinaanguka kabisa. Dawa ni kile kipira chembamba cha valvu ya baiskeli, zile baiskeli za kawaida za kubebea mizigo. Kata kipande kidogo, vika pale, safisha grisi iliyoganda na weka mpya kidogo. Watu wanahangaika kuagiza Ujerumani kitu ambacho fundi baiskeli wa kona anacho kwenye kopo.

BOMBA LIMEPINDA AU LIMEVUNJIKA

Bomba la alumini likishapinda usilinyooshe. Nimejaribu na maji ya moto, nimejaribu na mchanga ndani, linakunjamana au linapasuka, na hata likinyooka kwa macho sindano haisimami wima. Weka kioo kidogo kwenye sahani, shusha kichwa karibu yake uangalie kivuli chake, kichwa na kivuli vikifanya mstari mmoja ni sawa, vikifanya kama herufi V iliyolala kimeinama. Ila kabla hujahukumu legeza kikola, kalisha kichwa vizuri, kaza, angalia tena.

Plastiki ya pleya za sanduku inaunganika. Gundi ya epoksi ya chupa mbili, kijiti chembamba cha mwanzi kwa ndani, acha ikauke siku nzima. Tumia gundi kidogo maana hizi hazina mzigo wa nyuma wa kurekebisha, zina springi na zenyewe tayari zinakandamiza gramu 5 na zaidi, kila tone unaloongeza linaenda kwenye santuri.

KUBADILISHA MKONO MZIMA

Umefika hapa kwa sababu beringi zimechimbika au bomba limepinda, sawa. Kwenye SL-1200MK2 chomoa umeme, toa sahani (chini yake kuna sumaku kubwa inanasa kila skrubu iliyo karibu, iweke mbali), geuza pleya juu ya taulo, fungua kitako. Skrubu ni nyingi na urefu wake sio mmoja, zichome kwenye katoni kwa mpangilio uleule wa kitako, vinginevyo utairudisha ndefu mahali pa fupi. Piga picha kibodi cha nyaya kabla ya kugusa. Chomoa waya kwa kuyeyusha risasi, waya mmojammoja, halafu fungua skrubu zinazoshika kitako cha mkono huku mtu ameushika kwa juu.

Mkono mwingine wowote sio lazima ukae. Kwenye Technics toka msumari wa katikati ya sahani mpaka kwenye egemeo la mkono ni milimita 215. Mikono ya Rega inataka 222. Hizo milimita 7 ukizipuuza sindano itakaa kombo kwenye mfereji toka mwanzo hadi mwisho na sauti itachanika, hasa nyimbo za ndani karibu na lebo. Kwahiyo ama utafute mkono wa mashine hiyohiyo, ama ununue sahani ya kufungia iliyotobolewa kwa kipimo chake. Ikiwa ni mkono wa kutoka mashine iliyokufa, fanya mtihani wa kupuliza na wa kutikisa kabla hujatoa hela, haijalishi picha zake zinavyong'aa.

Ukishafunga, sindano ikae milimita 52 toka kwenye kiringi cha mpira cha shingo ya kichwa, hiyo inakupa ule mzidio wa milimita 15 kupita msumari ambao kiwanda kilipanga. Kimo cha mkono kirekebishe kwa ile pete ya chini mpaka bomba liwe sambamba na santuri sindano ikiwa imeshuka, ila fungua kwanza loki yake ya pembeni, usizungushe pete imefungwa. Halafu sawazisha upya, gramu, anti-sketi, pima nyaya zote nne kwa multimita kabla ya kurudisha kitako.

Jaribio la kwanza weka santuri isiyo na thamani kwako, iliyonyooka, icheze upande mzima bila kuigusa. Ya mzee iache kwenye jalada lake mpaka kesho.